Kikapu cha Kwanza Kwenda Jikoni

Chuo kile cha ualimu kilikuwa na mambo mengi ya kujivunia, kama ungemuuliza mkuu wa chuo, na yeye hakuwa mtu wa kungoja aulizwe. Kulikuwa na maktaba ya ghorofa, ukumbi wenye feni, na kiwanja cha mpira chenye nyasi za kweli. Lakini wanachuo waliohitimu pale, ukiwakuta miaka kadhaa baadaye wakifundisha huko walikopangiwa, maktaba walikuwa wameshaisahau. Walichokumbuka ni bustani ya mboga nyuma ya jiko, na yule mzee aliyewasimamia wapige matuta, kisha akafumba jicho moja, akayatazama kwa lile lingine na kusema, "Yamepinda. Rudieni."

Ndiyo maana walimwita Mzee Tuta. Jina alilopewa na wazazi wake lilijulikana kwa karani wa mishahara peke yake, na hata karani huyo alikuwa akilitafuta kidogo kabla ya kulipata.

Mzee Tuta aliingia chuoni kijana, kibarua wa kufyeka nyasi. Akafyeka, akapaka chokaa mawe ya njiani, akazibua mifereji, akaoa fundi cherehani mwenye maneno machache na kicheko kingi, wakapata binti mmoja. Wakati huo ile sehemu ya nyuma ya jiko, kati ya matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo za bweni la wasichana, ilikuwa jalala la madawati yaliyovunjika. Mkewe akaugua, akaugua sana, akafa. Watu wengine wakifiwa hunywa, wengine husali, wengine huhama mji. Yeye alichimba. Aliomba lile jalala, akapewa na watu waliomwonea huruma, akaondoa madawati moja baada ya jingine, akamwaga samadi, akapanda mchicha, kabichi, nyanya, karoti, bilinganya na vitunguu. Alikuwa anatafuta kazi isiyoisha, na bustani, kama kuna asiyejua, haiishi.

Jikoni kwenyewe alitawala mpishi mkuu, mwanamke mnene wa mabega aliyeitwa Bi Chumvi. Wengine walisema ni kwa sababu alikuwa anaonja kila sufuria na kusema, "Chumvi bado." Wengine walisema ni kwa sababu ya ulimi wake. Mumewe alitoka zamani sana kwenda kununua betri za redio na hakurudi, na ukimuuliza habari zake alikujibu bila kugeuka, "Bado anatafuta zinazoingia." Mtoto wao wa kiume alimlea peke yake kwa mshahara wa jiko, akamsomesha, akapata kazi mbali.

Sasa, desturi ya pale ilikuwa hivi. Mboga za kila siku zilikatwa kidogo kidogo na kupitishwa dirishani. Lakini kila mwisho wa muhula kulikuwa na siku ya mavuno makubwa, wanachuo wote wakatoka na visu na ndoo, bustani ikasafishwa. Siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kugusa hata jani kabla kikapu cha kwanza hakijakwenda jikoni. Mzee Tuta alikijaza kwa mkono wake, kila kilichopandwa kikatoa mjumbe. Mpishi mkuu akakikagua. Akiridhika, mfuniko wa sufuria kubwa kuliko zote uligongwa kwa mwiko, mlio ukafika mpaka mabwenini, na hapo ndipo watu waliposhambulia. Asiporidhika, watu walingoja na visu vyao. Mambo hayo yalikuwepo tangu mavuno ya kwanza, na nani aliyeyaanzisha hajulikani. Mkuu wa chuo alidhani ni Mzee Tuta, Mzee Tuta alidhani ni jikoni, na jikoni walidhani ni agizo kutoka juu.

Katika mavuno yale ya kwanza kabisa, mfuniko haukugongwa. Badala yake mlango wa jiko ulifunguliwa, akatoka Bi Chumvi na kabichi mkononi, ameishika kama mtu aliyemkamata kuku wa jirani kwenye mchele wake. Akapita chini ya mashuka yaliyoanikwa, akaja moja kwa moja hadi mbele ya mwenye bustani.

"Hii nini?"

"Kabichi, mama."

"Kabichi? Hebu chungulia. Humu ndani imehamia familia nzima, na watoto wao na wageni wao. Unataka nikawapikie watu viwavi?"

Wanachuo wakaangua kicheko. Mzee Tuta akachungulia, akaona kweli familia imehamia.

"Samahani, mama. Ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya wakaelezwe hao viwavi. Mimi nionyeshe ilikotoka."

Tangu siku ya mazishi, watu wote walikuwa wakisema na Mzee Tuta kwa sauti ile inayotumika wodini. Pole, mzee. Pole sana. Jikaze. Hakuna aliyemkosoa, hakuna aliyemtania, hakuna aliyemdai. Na hapa alikuwa amesimamiwa na mwanamke mwenye aproni iliyolowa, amemkasirikia kabisa, kama mtu anavyomkasirikia mtu aliye hai. Akasikia kitu kinamsogea kifuani, na hakikuwa huzuni. Akampitisha tuta kwa tuta. Bi Chumvi akagusa, akanusa, akaguna, kisha akaipindua ndoo chini, akaikalia na kunyoosha miguu yake iliyosimama tangu alfajiri. Wakazungumza. Walizungumza nini? Maharage ya stoo yaliyoingiwa na wadudu, kuni mbichi zinazotoa moshi, mambo ya hivyo hivyo. Halafu akanyanyuka, akainua mkono kuelekea dirishani, na msaidizi wake akaugonga mfuniko.

Muhula uliofuata wanachuo wa zamu walimsikia Mzee Tuta akipiga mluzi kwenye palizi.

Mavuno ya pili yalipofika, bustani ilikuwa safi, haina kiwavi hata wa dawa. Mzee Tuta alijaza kikapu, akakitazama, akaona kabisa yatakayotokea: kitakubaliwa, mfuniko utagongwa, basi. Akazunguka matuta yote akitafuta, akapata nyanya moja iliyooza upande wa chini, akaitumbukiza katikati ya wenzake. Haukupita muda, mlango wa jiko ukafunguliwa.

"Wewe mzee, macho yako ni ya kazi gani?"

Usimcheke. Kuna wanaume wenye ujasiri wa kubomoa ukuta lakini hawawezi kumwambia mwanamke, "Kaa kidogo tuzungumze." Jikoni hakuweza kuingia, kwa sababu mabuti yake yalikuwa na tope na Bi Chumvi alikuwa ameapa kwamba tope halitavuka kizingiti chake yeye akiwa hai. Siku za kawaida walisalimiana dirishani tu, mvuke ukiwa katikati yao, huku sufuria zikimwita mpishi pande zote. Ilibaki siku ya mavuno. Basi kila muhula, chini kabisa ya kikapu, kikawekwa kibovu kimoja. Muhula mmoja karoti yenye miguu kama inataka kutembea, mwingine bilinganya iliyotobolewa, safari nyingine kitunguu kilichooza moyo. Hakuzidisha wala hakupunguza. Na kila muhula Bi Chumvi alitoka na hicho kibovu mkononi, akafoka mbele za watu, akapitishwa tuta kwa tuta, akaikalia ndoo. Siku moja alimsimulia habari za betri za redio, wakacheka hadi wanachuo wakageuka. Siku nyingine yeye ndiye aliyemsimulia habari za marehemu mkewe, namna alivyokuwa akishika pini kwa midomo huku anaimba, na akashangaa kwamba ameimaliza hadithi yote bila kuikatiza.

Akirudi chumbani kwake alipika chakula cha mtu mmoja, akala, akaosha sahani moja. Kisha akaanza kuyangoja mavuno mengine.

Miaka ikaenda hivyo. Nywele zikabadilika rangi huku na huku. Mkuu wa chuo alistaafu akaja mwingine, na huyo naye akajivunia maktaba.

Siku moja Mzee Tuta alikuwa anapitisha mchicha dirishani. Aliyeupokea alikuwa yule msaidizi wa jikoni, mwanamume mkubwa wa mwili aliyeitwa Polepole, ambaye hata kukuna kichwa alikuwa anajiandaa kwanza.

"Mzee, umesikia lakini?"

"Nimesikia nini?"

Polepole akaupanga mchicha wote kwenye beseni. "Bi mkubwa anatuacha. Anastaafu. Mwanawe amemwita akakae naye huko, alee wajukuu."

"Lini?"

"Mavuno yakiisha. Siku hiyo hiyo, jioni, gari la chuo linampeleka stendi."

"Aa," alisema Mzee Tuta. "Vizuri. Apumzike."

Akachukua kikapu kitupu, akageuka kwenda bustanini, bustani aliyoitengeneza mwenyewe na kuijua hata akiwa usingizini, na akajikuta amejiviringisha kwenye mashuka ya wasichana.

Jumapili ile binti yake alikuja kumtembelea, kama kawaida yake akipata nafasi. Alikuwa muuguzi, na hakuna kitu kibaya kama kuwa na siri mbele ya mtoto muuguzi. Alimpakulia baba yake chakula, akamwona anakizungusha tu kwenye sahani.

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi ni yule mama wa jikoni."

Mzee Tuta akapaliwa na maji. "Nani amekwambia maneno hayo?"

"Baba, kila nikija habari ni hizo hizo. Bi Chumvi amesema hivi, Bi Chumvi amekataa vile. Habari za mvua sijazisikia siku nyingi."

Binti akaiweka sahani pembeni, akamsogelea.

"Mama nilimlilia, Baba, na bado namlilia. Sitaki nikulilie na wewe ungali hai. Mwambie abaki."

"Nitamwambiaje mtu mzima mwenzangu? Ana mwanawe, ana wajukuu. Mimi nina nini?"

"Hayo atayapima yeye. Wewe kazi yako ni kusema. Mficha uchi hazai, ulinifundisha mwenyewe."

Hapo akapiga moyo konde. Siku ya mavuno, Bi Chumvi atakapotoka na kibovu chake, afoke, apite tuta kwa tuta, akalie ndoo na kunyoosha miguu, ndipo atakaposema. Hakutaka mengi. Alitaka kumwambia tu kwamba chumba chake kina nafasi, na kwamba tangu siku ya kabichi ile amekuwa mtu wa kungoja. Akawa anafanya mazoezi kwenye palizi. Wanachuo walimkuta anaziambia kabichi, "Nilikuwa nataka tuongee kidogo," wakadhani ndiyo siri ya kabichi zake kuwa kubwa, na mmoja akajaribu kwenye tuta lake mwenyewe.

Na msimu ule bustani ilikuwa imefanya makusudi. Mvua zilinyesha kwa adabu. Kabichi zilijifunga zikawa nzito, ukiipiga konde inakujibu. Nyanya ziliwiva kwa zamu. Vitunguu viliegemeza shingo vyenyewe siku ileile moja, tuta zima, kama watu waliopewa amri walale. Mzee Tuta alitembea katikati ya mali yote hiyo na moyo unamuuma. Alijua kwamba kila kinachoiva kinamsogeza karibu na siku ile, na kama angeweza angeziomba nyanya zisubiri.

Asubuhi ya mavuno alivaa shati la bluu alilonunuliwa na binti yake, ambalo lilikuwa halijawahi kuonja jua. Wanachuo wakapiga mbinja. Akawatishia kwa jembe, akaenda kujaza kikapu.

Kibovu kilikuwa tayari. Wiki nzima alikuwa ameitenga kabichi moja pembeni, akaiacha bila majivu wala uangalizi, viwavi wakafanya mambo yao. Akaikata, akaishika mkononi, akatazama kikapu kilichojaa vitu vinavyong'aa. Na hapo, mzee wa watu, akaingiwa na fikra.

Akawaza: huyu mama anaondoka leo. Hiki ndicho kikapu cha mwisho atakachopokea kutoka kwangu maishani. Mtu anaondoka baada ya miaka yote hii, na wewe unampa kabichi ya viwavi? Huna haya? Mpe kilicho kizuri, ajue angalau siku moja kwamba ulikuwa unaweza. Kuja atakuja tu. Nani anaondoka bila kuaga?

Akaitupa kabichi ile kwenye rundo la mboji. Akachagua nyingine nzito kuliko zote, akaifuta umande kwa kiganja, akailaza juu. Wasichana wawili wa zamu wakakibeba kikapu kuelekea jikoni, naye akaipindua ndoo, akaipangusa, akaiweka mahali penye kivuli.

Akangoja. Wanachuo walikuwa wamejipanga kwenye matuta, visu mkononi, wanacheka. Mlango wa jiko ulifunguka kidogo, akaona kitu cheupe, pengine nguo. Akakohoa kulainisha sauti. Kisha mlango ukarudi, na mara mfuniko ukagongwa. Siku zote ulikuwa ukigongwa kwa shangwe, mfululizo. Siku ile uligongwa mara moja tu.

Wanachuo wakapiga kelele, wakaivamia bustani. Kabichi zikaanza kukatwa, karoti zikang'olewa, watu wakapokezana ndoo na nyimbo. Mzee Tuta alisimama katikati yao ndani ya shati lake, kama mtu aliyeshushwa kituo ambacho siyo chake. Msichana mmoja akamuuliza, "Shikamoo mzee, vitunguu tuanzie upande gani?" Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa jiko. Msichana akaanzia alipotaka.

Kwanza alijidanganya kwamba yule mama ana kazi nyingi leo, atakuja baadaye. Jua likapanda. Kisha alijiambia kwamba hakupendezwa na kitu. Mwishowe kiburi kikaingia, na kiburi cha mtu mpole ni kibaya kuliko cha mkali, maana hakitoi mlio. Kama hataki hata kuniaga, alisema moyoni, basi na aende. Mchana kulikuwa na hafla ya kumuaga ukumbini, soda na hotuba ya mkuu wa chuo. Wakamtuma mtu amwite Mzee Tuta. Akasema ana vitunguu vya kuanika. Na kweli alivianika, kimoja kimoja, shingo zote zikitazama upande mmoja, kazi ambayo mtoto angeweza kuifanya.

Jioni akasikia gari la chuo likipiga honi getini, na watu wakipunga na kuita, "Kwaheri, mama! Kwaheri!" Alikuwa ameinama. Angeweza kuinuka, kutoka pale hadi getini si mbali. Hakuinuka. Alipoinuka, mgongo ulikuwa umekakamaa na barabara ilikuwa na vumbi tu.

Chuo kikafungwa kwa likizo. Wapishi wakatawanyika kwao, Polepole akiwa wa mwisho kama kawaida. Mzee Tuta akabaki na ardhi tupu. Alilima upya, akatia samadi, akasia mbegu kwenye kitalu, na mara kwa mara aliinua macho kwenye dirisha la jiko, ambalo lilikuwa limefungwa kwa komeo. Alimkumbuka. Tuliite jambo kwa jina lake: alimkumbuka kwa namna inayokaa mwilini, akiamka inaamka naye, akila inakaa upande wa pili wa meza. Alikumbuka harufu ya moshi na vitunguu iliyotangulia mbele yake. Alikumbuka anavyoguna kabla ya kuketi. Wakati mwingine hasira ilimjia, akasema yule mwanamke hana shukrani. Hasira ikipita, alikuwa anabaki na lile pengo lilelile, na siku nzima mbele yake.

Muhula ulipofunguliwa, Polepole alikuwa amepandishwa kuwa mpishi mkuu. Asubuhi ya kwanza Mzee Tuta alipitisha dirishani majani machache yaliyokuwepo.

"Karibu kazini, mpishi mkuu."

"Asante, mzee." Polepole akayapokea, akayaweka, akamtazama. "Mzee, kuna kitu nimekuwa nataka nikuulize. Ulimkosea nini bi mkubwa?"

"Mimi? Si yeye ndiye aliyenikosea?"

"Maana siku ile alisikitika sana."

Mzee Tuta akashika ukingo wa dirisha. "Siku ipi? Sema haraka, Polepole, leo tu, nakuomba."

Na Polepole akasema, kwa haraka yake aliyojaliwa. Alisema kikapu kilipofika, Bi Chumvi alikuwa ameshavua aproni na kujipangusa uso, kama anavyofanya kila mavuno. Kila mavuno? Ndiyo, mzee, kila mavuno tangu yale ya kabichi. Kikapu kikija anavua aproni kwanza, anajitazama kwenye sinia, halafu ndiyo anakichambua, na akikipata kile kibovu anacheka peke yake pale mezani. Anasema, "Haya, mzee wa watu ananiita." Ndipo anakunja uso, anatoka kwenda kukufokea.

"Alikuwa anajua?"

"Mzee, jiko zima tulikuwa tunajua. Mapenzi ni kikohozi. Sisi tulikuwa tunabishana tu safari hii utaweka nini. Mimi nilikuwa nimesema bilinganya."

"Na siku ile?"

Polepole akakuna kichwa. "Siku ile alitoa kitu kimoja kimoja. Hakuona. Akakimwaga chote mezani. Akapasua kabichi kwa kisu, akapasua na nyanya. Nzima zote. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama, akarudi. Akasema, 'Leo hajaniita. Basi ameshamalizana nami.' Akachukua mwiko, akaugonga mfuniko mwenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua, mzee. Nilidhani ndivyo mlivyokubaliana."

Mzee Tuta akauachia ukingo wa dirisha. Miaka yote alijiona mjanja, kumbe alikuwa na mwenzake mjanja zaidi, amekaa upande wa pili wa ua akiungoja wito wake kama yeye alivyoungoja mlango ufunguke. Na siku aliyotaka kumheshimu kuliko siku zote, ndiyo siku aliyomfukuza. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu hawezi kuzuiwa kuinama na kujaribu. Akamwomba Polepole namba ya simu. Akatoka hadi katikati ya bustani, ambako wanachuo wa zamu walikuwa wakipandikiza miche, akapiga.

"Haloo?" Ilikuwa sauti yake, na nyuma yake watoto wanagombana na redio inapiga.

"Haloo. Ni mimi. Wa bustani."

"Wa bustani ana jina."

"Mzee Tuta."

"Habari zako, Mzee Tuta."

"Nzuri. Huko hamjambo?"

"Hatujambo. Watoto wananimaliza miguu. Mkwe wangu ameanza kazi, huyu mdogo nimeachiwa mimi, hakubali kulishwa na mkono mwingine. Bustani haijambo?"

"Haijambo. Ndiyo kwanza tunapandikiza."

"Haya." Akangoja. "Umenipigia uniletee salamu za miche?"

Mzee Tuta akatazama chini. Yale maneno yote aliyoziambia kabichi yalikuwa yamekimbia.

"Nilikosea siku ile," alisema. "Nilitaka upate vizuri vitupu. Nilijua utakuja kuniaga."

"Nilifika mpaka mlangoni. Nikajiuliza, nikienda nitasema nini? Siku zote nilikuwa nakuja na neno mkononi. Leo mtu amenipa kikapu kisafi, ina maana ameshafunga mlango."

"Sikufunga mlango. Nilikuwa nimevaa shati."

Akasikia anacheka, kicheko kidogo kilichokatika njiani. "Shati gani?"

"La bluu. Jipya. Nilikuwa nimekuwekea na ndoo kivulini. Nilitaka kukwambia ubaki."

Redio ilipiga wimbo ukaisha. Alidhani simu imekatika, akaitoa sikioni kuitazama, akairudisha.

"Mama?"

"Nipo."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia." Sauti yake haikuwa na hasira, wala ile chumvi yake. "Ungesema nikiwa hapo, ningekwenda wapi?"

Mtoto akalia, mtu akaita, "Bibi! Bibi!", naye akasema, "Naitwa, mzee," na simu ikakatika. Mzee Tuta alibaki ameishikilia sikioni. Wanachuo walimwona, wakaacha miche yao wakasimama, maana hakuna aliyewahi kumwona hivyo, hata wafanyakazi wa zamani waliokuwepo mkewe alipozikwa. Alikuwa analia kwa sauti, mchana kweupe, katikati ya matuta yaliyopinda, na hakumwambia mtu arudie.